FAMILIA, SHULE YA KWANZA YA UTUMISHI
Ukurasa wa historia ya nchi yetu ya Mabalako



Jubilei ni siku ya kumshukuru Mungu, na ni siku ya kukumbuka. Katika kitabu hiki wengine wameandika juu ya majengo, juu ya Mapadri waliotuongoza na juu ya hesabu ya ubatizo na ndoa. Sisi tulipewa kazi ya kujibu swali moja: watumishi wa nchi hii walitoka wapi? Nani aliwafundisha makatekista, waganga, walimu, wazee wa shirika na vijana wa Msalaba Mwekundu kuacha shughuli zao na kwenda kwa jirani? Tulipochunguza, jibu lilikuwa karibu sana na sisi. Walitoka nyumbani. Walitumwa na baba, na mama, na bibi, mara nyingi kabla ya Padri yeyote kuwajua.

Tumejaribu kuandika kwa ukweli. Basi msomaji asishangae akikuta humu mambo ya kusifu pamoja na mambo ya kuungama.

I. JINA NA MOTO WA KYAGHANDA

Watu wa Mabalako si wa kabila moja. Katika msitu huu waliishi Wambuti, Wapakombe na Wambuba. Wanande wengi walishuka kutoka milima ya Lubero, ambako mashamba yalikuwa yamekuwa madogo, wakatafuta udongo mpya upande wa Mangina, Aloya na Bingo. Walikata miti, wakapanda mpunga, ndizi, michikichi na kahawa. Baadaye wakavuna utomvu wa papai, na katika miaka hii yetu kakao imekuwa mali kubwa ya nchi. Mtu hakuja peke yake. Kwanza alitangulia kaka mmoja akiwa na panga na chumvi. Alipopata mavuno ya kwanza aliwaita wadogo zake, wao wakawaita shemeji zao. Kwa njia hiyo vijiji vyetu vingi vilianza kama familia iliyosogea.

Kati ya Wanande mtoto hupata mafundisho yake ya kwanza ndani ya jina lake. Wageni wetu hushangaa kusikia Kambale kumi katika darasa moja. Sababu yake ni hii: mtoto mwanaume wa kwanza huitwa Mumbere, au Nzanzu, au Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Mtoto mwanamke wa kwanza huitwa Masika. Anayezaliwa na kugeuza mfuatano, mwanaume baada ya wasichana au msichana baada ya wavulana, huitwa Muhindo au Kahindo. Mtu akitaja jina lake, ametaja nafasi yake: nani alimtangulia, naye ana deni la kumheshimu, nani alimfuata, naye ana deni la kumlinda. Kabla hajajua kusoma, mtoto anajua ya kuwa yeye ni mtu kati ya watu.

Kisha kulikuwa na kyaghanda, yaani kibanda cha moto ambamo wanaume wa ukoo walikaa jioni. Pale chakula kilitoka katika nyumba mbalimbali na kililiwa pamoja. Pale mgeni alipewa kiti bila kuulizwa maswali. Pale ugomvi wa mipaka ya mashamba ulikatwa, na kijana aliyekataa kumsaidia mjane kutengeneza paa aliulizwa mbele ya wote. Hakuna aliyefundisha kwa ubao. Mtoto aliyetumwa kuleta kuni alikaa kimya, akasikiliza, akajifunza namna mtu mzima anavyosema na namna anavyosamehe.

Tunaandika hayo si kwa kutamani kurudi zamani. Kyaghanda kilikuwa na kasoro zake: wanawake hawakusikilizwa vya kutosha, na wema mara nyingi ulisimama kwenye mpaka wa ukoo. Lakini mizizi ya utumishi tunayoiadhimisha leo ilishikwa na udongo huo.

II. INJILI ILIPITA MLANGO WA NYUMBA

Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu walifungua misheni ya Beni mwaka 1906. Mwaka 1929 Mapadri Wasomisioni walifika katika nchi yetu. Mmoja wao, Padri Henri Piérard, alifanywa Askofu mwaka 1938, wakati Beni ilipowekwa kuwa Vikarieti ya Kitume. Mwaka 1959 Vikarieti ikawa Jimbo, na mwaka 1967 Jimbo likapata jina lake la Butembo-Beni.

Lakini Mapadri walikuwa wachache, na msitu ni mkubwa. Padri alipita kijijini mara chache katika mwaka, kwa miguu au kwa baiskeli. Siku nyingine zote, aliyewakusanya watu kwa sala, aliyewazika wafu, aliyewafundisha wakatekumeni na kuwatembelea wagonjwa alikuwa katekista. Naye katekista alikuwa nani? Alikuwa mtu mwenye shamba, mke na watoto. Tusisahau: katekista akienda misheni siku tatu, mke wake ndiye aliyelima peke yake siku hizo tatu. Mgeni akilala kwa katekista, watoto ndio walioacha kitanda. Kanisa lilimwita mtu mmoja, kumbe nyumba nzima iliitika.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Babu yetu alikuwa katekista wa kijiji. Hakuacha mali, aliacha kengele ndogo, katekisimu iliyoliwa na mende, na desturi moja. Kila Jumamosi jioni bibi yetu alipika chungu kimoja zaidi. Chungu hicho kilikuwa cha mtu ambaye bado hajulikani, yaani atakayepita, atakayekuwa mgonjwa, atakayekosa. Sisi watoto tulibeba sahani. Tulinung'unika, kwani wakati mwingine chungu cha mgeni kilikuwa na nyama na cha kwetu kilikuwa na sombe tu. Baba yetu alirithi kengele na chungu pamoja. Nasi tulipotoka seminari ndogo bila kuendelea na upadri, tulifikiri ya kuwa utumishi umekwisha kwa upande wetu. Mama yetu hakutuhubiria. Jumamosi ile alitupatia sahani, akatutajia jina la mgonjwa. Ndivyo tulivyoanza ukatekista.

Tulijifunza seminarini neno la Kilatini: Nemo dat quod non habet, hakuna atoaye asichokuwa nacho. Mtume Paulo alipomwandikia Timoteo alimkumbusha imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Andrea naye, alipompata Bwana, alikwenda kwanza kumwita ndugu yake Simoni.

Wazee wetu waliona nguvu ya jambo hilo katika miaka ya Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa. Mwisho wa mwaka 1974 shule zote zilichukuliwa na Serikali, na mafundisho ya dini yakaondolewa darasani. Shule zilirudishwa kwa Kanisa kwa mapatano ya mwaka 1977. Katika miaka hiyo wazazi wengi walifanya nyumba kuwa darasa. Maaskofu wa Kongo, ambao tangu mwaka 1961 walikwisha kuchagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, waliona ya kuwa walichagua vema: pale ambapo familia tano au kumi zilisali pamoja, hakuna amri iliyoweza kuwazima. Mashirika yetu ya leo yalizaliwa katika mwendo huo.

Wakati ule Jimbo letu liliongozwa na Askofu Emmanuel Kataliko, tangu mwaka 1966 hata mwaka 1997. Yeye alitufundisha ya kuwa kumtumikia Mungu ni pamoja na kushika jembe. Aliwahimiza watu kutengeneza barabara kwa mikono yao, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa huko Butembo. Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu alizuiwa kukaa katika jimbo lake na wale walioshika nchi kwa silaha. Kuanzia Februari mwaka 2000 alikaa Butembo kama mfungwa katika nchi aliyozaliwa, akarudi Bukavu mwezi wa Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki huko Roma. Wengi wetu tulimwona kama baba, na ni neno lililomfaa.

III. FAMILIA INAPOSEMA HAPANA

Lingekuwa kosa kuandika kana kwamba kila familia inamsukuma mtoto wake kwenye utumishi. Familia inaweza pia kumzuia, na mara nyingi inafanya hivyo kwa sababu inampenda.

Mwenye heri Anuarite Nengapeta alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini mwa nchi yetu. Alipotaka kuwa Sista, mama yake hakupendezwa, kwani alimhitaji nyumbani. Siku moja msichana alipanda gari lililowapeleka wasichana wengine Bafwabaka kwa Masista, bila ruhusa ya mama. Baadaye mama alikubali wito wa binti yake. Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akitetea usafi wake na nadhiri yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Tunaposikia habari hiyo, wengi wetu tunamhukumu mama. Sisi hatumhukumu. Mama aliyemhitaji binti yake shambani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama. Na huyo mama ndiye aliyekuwa amemlea mtoto mwenye moyo wa kuweza kuondoka.

Kwa hiyo tunaweza kusema hivi: familia humpa mtu vitu vitatu, nafasi kati ya wengine, mfano wa kufuata, na ruhusa ya kwenda. Viwili vya kwanza hupatikana katika nyumba nyingi. Cha tatu ndicho kigumu, kwani mzazi anayetoa ruhusa anatoa kitu chake mwenyewe. Nchi ya Mabalako ilipimwa juu ya jambo hilo kuliko tulivyodhani.

IV. MIAKA YA EBOLA, 2018–2020

Mwisho wa mwezi wa Julai 2018 watu walianza kufa Mangina kwa namna isiyoeleweka. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza ya kuwa ni Ebola. Jina la zone yetu ya afya, Mabalako, ambalo halikujulikana hata Kinshasa, likasomwa katika redio za dunia nzima. Ugonjwa ulifika Beni, Butembo, Katwa, Mandima na kwingine, katika Kivu Kaskazini na Ituri, hata kufikia Kivu Kusini. Uliisha rasmi tarehe 25 Juni 2020, karibu miaka miwili baadaye. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao wakafa. Ni ugonjwa wa Ebola uliokuwa mkubwa kuliko yote katika historia, isipokuwa ule wa Afrika ya Magharibi wa miaka 2014 hadi 2016.

Wageni wetu huenda wasielewe mara moja kwa nini ugonjwa huo ulikuwa ugonjwa wa familia. Ebola haipiti hewani. Hupita katika jasho, damu, matapishi, yaani katika yale ambayo mtu wa nyumbani hupangusa. Anayemshika mgonjwa mkono, anayemwogesha, anayeosha maiti na kuivika nguo, huyo ndiye anayeambukizwa. Mtu asiyempenda mgonjwa hakuambukizwa. Lo! Wema wote tuliofundishwa nyumbani uligeuka kuwa njia ya kifo.

Tuungame basi la kwetu. Katika siku zile za kwanza mama yetu mdogo aliugua, baada ya kwenda matanga ya rafiki yake. Sisi, watu wa nyumba ya katekista, tulimficha. Tulisema ni malaria. Tulikuwa tumesikia ya kuwa wagonjwa wanachukuliwa na watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, hata uso hauonekani, na ya kuwa hawarudi. Tuliwaza: mama mdogo, aliyetulea, afe peke yake kati ya watu wasio na uso? Tukafunga mlango. Siku ya tatu alikufa. Wanawake wanne wa nyumba walimwosha, kama ilivyo desturi. Wawili kati yao waliugua: mmoja alifariki, mwingine alipona. Tulifikiri tulifanya kazi ya familia. Kwa kweli tuliifunga familia kama ukuta, na ndani ya ukuta huo kifo kilikuwa pamoja nasi.

Tulilia, kisha mzee wetu, baba yetu katekista wa zamani, akaita mkutano wa ukoo. Mdogo wetu wa tano alikuwa amesimama nje. Alikuwa amejiandikisha kwa siri pamoja na vijana wa Msalaba Mwekundu wanaozika wafu wa Ebola, na siri hiyo ilikuwa imejulikana asubuhi ile. Wajomba walisema afukuzwe, kwani ataleta ugonjwa nyumbani, tena anakula pesa za damu. Shangazi mmoja alisema mtu wa kuzika watu bila kuwaosha si mtu wa ukoo wetu. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: «Chungu cha Jumamosi kilikuwa cha nani?» Hakuna aliyejibu, kwani wote tulijua jibu. Akasema: «Basi mtoto huyu amebeba sahani. Aende. Mke wangu atamwekea maji na sabuni mlangoni, na atakula pamoja nasi.» Hakusema zaidi. Wajomba wawili hawakutukanyagia nyumba kwa miezi mingi baada ya siku hiyo.

Kazi ya vijana hao ilikuwa ngumu. Mwanzoni walirushiwa mawe. Polepole namna ya kuzika ikabadilishwa: familia iliulizwa kwanza, mtu wa nyumbani aliruhusiwa kushuhudia, sala zilisomwa kwa umbali, na kikwembe au rozari aliyoipenda marehemu iliweza kuwekwa pamoja naye. Watu walikubali zaidi walipoona ya kuwa aliyevaa nguo nyeupe ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Mdogo wetu alituambia ya kuwa kabla ya kuvaa kofia na miwani alisimama mbele ya nyumba, uso wake wazi, akataja jina lake na la baba yake. Ndipo mlango ulifunguliwa.

Ilikuwa hivyo kwa kazi nyingine pia. Mnamo tarehe 8 Agosti 2018 chanjo ilianza kutolewa Mangina. Haikutolewa kwa watu wote. Ilitolewa kwa duara: kwanza waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao. Kila aliyemgusa mgonjwa alifuatwa siku 21. Lakini nani anajua aliyemgusa mgonjwa? Ni familia. Mganga kutoka mbali alikuwa na dawa katika sanduku la baridi, lakini orodha ya majina ilikuwa katika kichwa cha bibi. Bibi akikubali kusema, duara lilifungwa na ugonjwa ukasimama. Bibi akikataa, duara lilikuwa na tundu. Watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo kabla ya mwisho. Tunapomshukuru Profesa Jean-Jacques Muyembe na waganga wote wa Kongo na wa nchi za nje, tuwashukuru pia mabibi hao, ambao majina yao hayako katika kitabu chochote.

Hata nyumba za matibabu zilijifunza kwa familia. Huko Beni vyumba vilitengenezwa kwa plastiki inayoonyesha ndani, hata mama aliweza kukaa nje na kumwona mtoto wake, kumsemesha na kumwimbia. Hofu ya watu wasio na uso ikapungua. Zaidi ya wagonjwa 1,100 waliondoka hai. Kati ya waliopona, wanawake wengi walirudi kutumika, kwani mwili wao ulikuwa umekwisha kupata kinga: waliwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa au wamekufa, wakati hakuna mwingine aliyeweza kuwashika. Yule ndugu yetu aliyepona alikuwa mmoja wao. Alikuwa amemwosha mama yetu mdogo na kulipa kwa mwili wake. Kisha mikono ile ile ikawalea watoto wa watu asiowajua. Tulipomwuliza kwa nini hakupumzika, alijibu: «Nani aliyenilisha nilipokuwa mle ndani? Si ndugu zangu. Walikuwa watu wa Goma na wa Kisangani. Basi hao nao ni wa nyumba yetu.»

Wapendwa, kwetu sisi neno hilo ni mahubiri ya jubilei. Sinodi ya Maaskofu wa Afrika ya mwaka 1994 ilichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Tulilisoma neno hilo zamani na kulipenda. Lakini tulilielewa mwaka 2018, tulipoona familia inayojifungia inakufa, na familia inayofungua mlango inapona na kuponya.

Utumishi huo ulidai sadaka. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa Butembo akiwa kazini. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019 watu wenye silaha waliwashambulia wafanyakazi wa Ebola huko Biakato, na Mangina pia. Waliouawa katika siku zile, wengine walikuwa wageni waliokuja kutusaidia, wengine watoto wa nchi hii. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba iliyompa ruhusa. Tuziombee nyumba hizo.

V. WAGENI WA VITA

Ebola ilipokwisha, vita havikwisha. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa mashambani na vijijini. Mapadri watatu Wasomisioni wa parokia ya Mbau walitekwa tarehe 19 Oktoba 2012. Mwezi wa Juni 2024 mauaji yalifika Masala, Mapasana, Mahini na vijiji vya karibu. Katika siku chache watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Walioponyoka walifika barabarani wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Walilala wapi? Mtu anayesoma gazeti hufikiri kambi na hema. Katika nchi yetu wakimbizi walio wengi walipokelewa katika nyumba. Nyumba yenye vyumba viwili ilipokea familia tatu. Shamba lililotosha kulisha watu wanane lililisha ishirini, tena shamba ambalo mtu anaogopa kwenda. Kakao iliiva, ikakosa wa kuivuna. Hakuna aliyetoa amri, na msaada, ulipofika, ulifika wakati chungu kimekwisha kugawanywa. Tunawajua wajane wawili wa shirika letu waliochangia unga wa mihogo kwa kipimo cha kikombe, kila asubuhi, ili kila nyumba yenye wageni ipate uji. Waliulizwa ni nani aliyewafundisha. Mmoja alisema: «Mama alifanya hivyo wakati wa Wasimba, tulipokimbilia kwa watu.» Basi uji wa mwaka 2024 ulipikwa na mama aliyepokewa mwaka 1964. Hivyo ndivyo historia yetu inavyokwenda.

Hapa tumkumbuke pia kijana wa jimbo jirani la Goma, Mwenye heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Akiwa mfanyakazi wa ofisi ya kuangalia bidhaa mpakani, alikataa rushwa ili chakula kibovu kisipite na kuwaumiza watu, akauawa mwezi wa Julai 2007. Alitangazwa Mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa pia rafiki wa watoto wa barabarani, wale wasio na familia, akiwafundisha na kuwatafutia shule. Vijana wetu wamtazame: utumishi unaweza kufanyika hata mezani pa ofisi, kwa kukataa kutia sahihi.

VI. MANENO YA MWISHO

Tunaandika ukurasa huu tukiwa na furaha, lakini si bila hofu. Watoto wetu wengi wanakulia mbali na moto wa jioni. Wengine wamezaliwa katika kukimbia, wakihama mara nne kabla ya komunyo ya kwanza. Baba yuko Butembo akitafuta kazi, mama yuko kwa shangazi, mzee amebaki kijijini kulinda kakao. Pesa ya kakao nayo imeleta simu na pikipiki, na pia ugomvi kati ya ndugu juu ya mipaka. Kama familia ndiyo shule ya kwanza ya utumishi, nini kitatokea shule hiyo ikifungwa? Mapadri wataomba makatekista, hawatapata. Dispensere zitatafuta vijana wa kujitolea, zitawakuta wenye kuuliza malipo tu.

Kwa hiyo, katika jubilei hii, tunatoa ombi dogo kwa mashirika yote ya parokia. Kwanza, kila shirika liandike katika daftari majina ya watu wake waliotumika: makatekista, wakunga, walimu, wazikaji wa Ebola, waliopokea wakimbizi, na kando ya kila jina, jina la yule aliyemtuma. Padri atalisoma daftari hilo siku ya Marehemu Wote. Pili, kila nyumba, hata ile ya wakimbizi yenye chumba kimoja, irudishe jioni moja katika juma kwa kula pamoja na kusimulia. Tatu, mzazi akisikia mtoto wake anataka kwenda kutumika, asiseme hapana kabla ya kulala usiku mmoja na kusali.

Mzee wetu, baba yetu, alifariki katika amani baada ya Ebola kuisha. Mdogo wetu alikuwa kati ya waliobeba jeneza lake, mara hii bila nguo nyeupe, na wale wajomba wawili walikuja. Mmoja alimshika mkono mbele ya watu wote. Kengele ya babu iko kwetu sasa, na itapigwa siku ya jubilei kabla ya Misa. Chungu cha Jumamosi kiko kwa mama yetu, ambaye hawezi tena kukinyanyua; wajukuu wanakibeba wawili wawili, wakinung'unika kama tulivyonung'unika sisi.

Mwenyezi Mungu azibariki familia za Mabalako, awapokee marehemu wetu, na atupe amani. Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee.

Katekista mmoja wa parokia, kwa niaba ya wenzake